Gesi ya Mke Mwenzangu

Jumatatu, 24 Februari

Daktari wa presha kaniagiza niandike kila asubuhi kile kipimo kinachosoma, ili nikirudi kliniki auone mwenendo wangu. Binti yangu Farida akaniletea kitabu hiki kutoka kazini kwake huko Boko, kina tarehe na jalada gumu. Leo nimeandika namba, nikaona hazitoshi. Presha yangu haina namba, ina jina. Inaitwa Shamimu, ni mke mwenzangu, na tangu asubuhi hii anauza gesi mbele ya mlango wangu.

Nieleze vizuri, maana kitabu hakinijui. Mimi Mwajabu nauza mkaa hapa Buza tangu Farida hajaota meno. Mume wangu Mbwana alikuwa mtunza stoo kiwandani Chang'ombe hadi alipostaafu. Nilidhani kiinua mgongo chake kitaezeka upya nyumba hii inayovuja. Kumbe kimemwoa Shamimu, binti wa Msasani aliyepishana kidogo tu umri na Farida, na kilichobaki kimekodi fremu ya ng'ambo ya kichochoro. Mbele mitungi, nyuma chumba cha bibi harusi. Nilimuuliza Mbwana kama Temeke nzima imekosa fremu nyingine. Akanijibu kwa upole wake ule unaoudhi: "Mke wangu, biashara ni ushindani. Mteja achague mwenyewe. Soko ndo linaamua."

Hilo soko sijawahi kuliona likinifulia kanzu zake.

Alhamisi, 27 Februari

Kila asubuhi akifungua fremu ananiinamia kutoka kule ng'ambo: "Shikamoo dada mkubwa." Mimi nachambua chenga kwenye mkaa. Siitikii. Anangoja kidogo, kisha anaingia ndani.

Leo ni Alhamisi, na kabla ya magharibi wanawake wamekuja na vyetezo vyao kuchukua kaa la moto la kufukizia ubani. Hili siliuzi. Marehemu mama yangu, aliyeniachia biashara hii, alikuwa akisema moto haunyimwi jirani wala haupimwi kwenye kopo. Wamekuja wengi, tumecheka. Gesi haina kaa, nikawaambia, muulizeni yule kule ubani wake ataufukizia kwenye nini. Nilipaza sauti makusudi.

Jumanne, 4 Machi

Mfungo wa tatu. Ramadhani zote nilizojaaliwa, mwezi huu ndio wangu. Futari ni mihogo, ni viazi, ni uji, ni tambi, na vyote vinataka jiko liwake mchana kutwa. Mwaka huu nimekaa na magunia yangu naangalia watu wanavyopita na mitungi begani.

Nilijitia moyo kwamba gesi ni ya wenye nazo. Mtu wa hapa anakuja na elfu moja mkononi, anapata mkaa wa siku, anakwenda zake. Gesi inataka hela yote kwa mkupuo. Kumbe binti ana akili. Anawaruhusu kudunduliza: leo unaacha kidogo, kesho kidogo, ikitimia unabadilishiwa mtungi. Wateja wangu wameondoka mmoja mmoja, na wakipita wananisalimia kwa heshima kuliko zamani. Salamu ya namna hiyo naijua. Ndiyo wanayopewa wafiwa.

Jumapili, 9 Machi

Shamimu ameleta futari. Ameivusha mwenyewe na tumbo lake, maana tumbo sasa halifichiki, ni mimba ya miezi saba hivi. Sahani ya bluu, mihogo ya nazi na vipande vya nguru. Ameiweka barazani, akaamkia, akaondoka.

Mihogo ilikuwa imeiva vizuri. Nimewapa kuku.

Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, hata ukose kitu utaweka chumvi. Ya kwake nimeiosha, nimeifuta, nimeirudisha tupu.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua ya kwanza. Nimefunika magunia kwa turubai.

Jumanne, 18 Machi

Nisimsahau Mungu, amenibakizia mtu mmoja. Ni Atuganile, tunamwita Mama Blessing, Mnyakyusa aliyepanga nyumba ya tatu kutoka kwangu. Kila baada ya siku mbili yupo hapa na hela yake mkononi, anataka visado viwili. Napima, namimina kwenye kiroba, nafunga mdomo kwa utepe wa khanga zangu kuukuu. Huo ndio muhuri wangu miaka yote, mtu akiuona ajue ni mkaa wa Mwajabu, hauna chenga wala mawe.

Leo nilimuuliza mbona anatumia mkaa mwingi hivyo na yeye ana mtoto mmoja tu. Akasema anapika makande, na makande ya kwao yanataka moto wa kutwa. Akaangalia chini. Nikamwambia watu wa bara mna msimamo, hamfuati upepo kama hawa wenzangu wa pwani. Akasema, "Haya Mama Farida," akaondoka haraka kabla mvua haijamnyeshea mzigo.

Kama si Mama Blessing, mwezi huu ningekuwa nimeshafunga.

Jumanne, 25 Machi

Zamu yangu. Mbwana amefuturu kwangu na baadaye amekula daku kwangu. Nimempikia wali wa nazi, nikaupalia makaa juu ya kifuniko kama alivyozoea, ukaiva juu na chini, punje mojamoja. Amekula, akaongeza. Kisha akasema kule ng'ambo wali unaivia chini tu, juu unabaki na maji. Nilijisikia nimeshinda uchaguzi.

Nikamwambia basi soko limeamua. Akacheka. Mvua ikapiga bati, ndoo zikaanza kujaa palepale panapovuja. Akaziangalia zile ndoo, hakucheka tena.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Farida amekuja na wajukuu. Amenisalimia mimi, kisha akavuka kumsalimia mama yake mdogo, wakakaa huko mpaka chai ikapoa. Aliporudi nikamuuliza wanazungumza nini. Akasema wanazungumzia uzazi. Akasema, "Mama, yule anakuogopa. Mie nyumbani kwangu napikia gesi miaka minne sasa na hujawahi kuninunia."

Kweli, sijawahi. Kwa Farida huwa nachemsha chai kwenye jiko lake na kuisifu.

Jumatatu, 7 Aprili

Gari la gesi lilifika wakati mvua imekatika. Vijana wa gari wakashusha mitungi barabarani, pale tope linapoanzia, wakasema ndani si kazi yao. Shamimu akaanza kuiingiza mwenyewe. Ile midogo aliiweza. Mikubwa alikuwa anaikumbatia na kuiviringisha kwa ubavu, tumbo likiwa mbele, akipumzika kila hatua. Mbwana alikuwa msikitini.

Nilitazama. Nikajiambia mbona mimi nimebeba magunia ya marehemu mama nikiwa na mimba ya Farida na hakuna aliyenionea huruma. Nikajiambia soko ndo linaamua. Halafu mguu wake ukateleza, akashika mlango, akasimama pale kafumba macho. Sijui nilivukaje. Nimejikuta nimeupokea mtungi, nimeuingiza ndani, nikarudia hadi ikaisha. Nilipotoka akasema, "Ahsante dada mkubwa." Nilikuwa nimeshampa mgongo.

Mikono yangu imeacha alama nyeusi kwenye mitungi yake yote. Nimeziona kutoka barazani kwangu, na alizifuta jioni, isipokuwa kwenye mtungi mmoja.

Jumamosi, 12 Aprili

Mambo. Pale kona ya barabara kumefunguliwa duka kubwa la gesi, la kampuni nyingine, na muziki tangu saa mbili. Mwenyewe ni kijana wa Kichaga, Godlisten. Bei yake iko chini, na ana pikipiki ya kukuletea mtungi hadi jikoni bila nauli. Aliyekuwa na mtungi wa kampuni ya Shamimu anapokelewa na kupewa wa kwake, mwezi huu tu, bila kuongeza kitu.

Nimekaa barazani nikahesabu wateja wa Shamimu wakipita kwenda kona. Mama aliyeniacha mwezi wa tatu leo kamwacha na yeye. Mwosha huoshwa. Nimelala vizuri.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua kutwa. Jioni nilipepea jiko langu kwa ajili ya wenye vyetezo. Amekuja bibi mmoja tu, Bi Mwanahamisi muosha maiti, na mwavuli wake. Nikamuuliza wengine wako wapi. Akasema wengi wameacha kufukiza, na wengine wananunua ubani wa kijiti, unauwasha kwa kiberiti. Tukakaa tukaangalia moto wangu. Makaa yaliyobaki nimeyamwagia maji.

Jumapili, 20 Aprili

Leo wameniamsha kwa maneno. Mbwana alikuwa akimuuliza Shamimu hela ya fremu iko wapi, mauzo yanakwenda wapi, mbona mitungi inatoka kidogo hivi lakini hata kile kidogo hakionekani. Shamimu alikuwa anajibu kwa sauti ya chini, sikuyasikia majibu. Mbwana akasema amemfungulia biashara, si mchezo wa watoto.

Miaka yote hiyo mimi Mbwana hajawahi kunipandishia sauti. Hajawahi kunifungulia biashara pia, kwa hiyo hakuwa na cha kuuliza. Asubuhi Shamimu alifungua fremu akiwa na macho mekundu. Akaamkia kama kawaida. Mdomo wangu ulifunguka. Kisha bodaboda ya Godlisten ikapita katikati yetu ikipiga honi, na ilipopita nilishaufunga.

Mama Blessing amechukua visado viwili.

Jumamosi, 26 Aprili

Maji yameingia.

Ilianza usiku, na kulipopambazuka kichochoro kilikuwa mto mwekundu unaobeba ndala na chupa. Uzio wangu wa mabati ukalala; fremu ya ng'ambo imeinuka, huko maji yaliishia kizingitini. Magunia ya chini yote yalikuwa kwenye maji, turubai limechukuliwa. Mbwana alikuwa Mbagala kwa dada yake tangu jana, simu haipatikani. Nikaanza kuvuta magunia kuyapandisha barazani, na mkaa ukilowa gunia haliinuki. Nililia kwa sauti. Mtu mzima mimi, mama wa watu, nililia huku nakumbatia gunia.

Nikaona mikono mingine imeshika upande wa pili. Shamimu, maji yakimfika magotini, khanga kaifunga juu ya tumbo. Nikamwambia ondoka. Akavuta. Nikamwambia tena, "Ondoka Shamimu, hali yako hairuhusu." Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jina lake mbele yake. Akasema, "Tukimaliza hili naondoka." Tukamaliza hilo akashika lingine. Sikumfukuza tena. Ukweli ni huo na nauandika: nilimwona anavyohema na nikaendelea kupokea, kwa sababu ulikuwa mkaa wangu wote, na nilikuwa peke yangu.

Tulipokaa barazani, mvua ikiwa bado, alinitazama akasema, "Dada mkubwa, mkaa huu hauwezi kuwaka wiki nzima. Ukitaka maji ya moto, njoo kwangu. Gesi haichelewi." Hakuna kejeli iliyokuwamo, niliitafuta nikaikosa.

Nikamwambia gesi haitaingia nyumbani kwangu maadamu niko hai. Lakini nilimpa khanga kavu ya kujifutia.

Jumatatu, 28 Aprili

Mkaa umekuwa uji. Nimeuanika, mvua imeulowesha tena. Presha iko juu.

Alhamisi, 1 Mei

Hakuna moto wa kumpa mtu leo. Bi Mwanahamisi amekuja na chetezo chake akakuta jiko baridi. Hili halijawahi kutokea tangu mama yangu.

Jumapili, 4 Mei

Naandika kwa sababu sijui mikono niipe kazi gani nyingine.

Jana jioni Shamimu alishikwa na uchungu kabla ya siku zake. Mbwana alimpakia kwenye bajaji. Alipopita mbele yangu, huku kashikilia chuma cha bajaji, alisema shikamoo. Katikati ya uchungu. Bajaji ilikuwa inakwepa shimo, imeshaondoka, na mimi nilisimama na mkono juu, nikisema moyoni akirudi na mtoto nitaitikia. Nilishaamua. Niliosha hata sahani nimpelekee uji wa pilipili manga wa mzazi.

Mbwana amerudi baada ya alfajiri, viatu vimejaa tope. Amekaa barazani kwangu, si kwake. Akasema mtoto wa kike, mzima. Akaanza kufuta tope kwenye viatu. Nikajua. Akasema damu haikukata. Walijitahidi, akasema, watu walikuwa wengi juu yake, na damu haikukata.

Nilimuuliza mkunga alisema nini, ni magunia? Hakuelewa. Nikamweleza siku ya maji. Akasema mkunga alimwambia inatokea tu, hata kwa aliyelala kitandani miezi tisa. Sijui kama mkunga alisema kweli. Sijui kama Mbwana alimuuliza, au amenihurumia.

Maiti ililetwa kabla ya adhuhuri ili azikwe alasiri. Ndugu zake wa Msasani wakafika, Farida akafika, kichochoro kikajaa viti vya kukodi na tope. Bi Mwanahamisi aliingia kuosha, akaniita nimsaidie kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wa nyumba. Akatandaza sanda, akatoa udi na ubani, akaniambia, "Mwajabu, lete kaa."

Kaa. Mimi niliyelea moto wa kichochoro hiki maisha yangu yote sikuwa na kaa. Mkaa wangu uliobaki ulikuwa tope. Farida akakimbia nyumba hadi nyumba. Wote wana mitungi, ya Shamimu au ya Godlisten, hakuna mwenye mkaa mkavu. Vifuu vilikuwa vimelowa. Mtu akasema twende dukani tukanunue ubani wa kijiti, Bi Mwanahamisi akamwangalia hadi akakaa. Nilisimama mlangoni na chetezo kitupu, nikaona hii ndiyo adhabu yangu, kwamba binti huyu ataondoka bila harufu njema kwa sababu yangu.

Mama Blessing alikuwa jikoni kwa Shamimu anachemsha maji ya kuoshea. Akanivuta mkono hadi pembeni. Alikuwa analia. Akasema, "Mama Farida, angalia chini ya kitanda chake."

Nikaenda kwenye kitanda, nikainua shuka. Viroba vimepangwa hadi ukutani, vingine juu ya vingine. Midomo imefungwa kwa utepe wa khanga. Khanga zangu: ile ya zambarau niliyoichana mwezi wa tatu, ile ya korosho nyekundu niliyoolewa nayo. Hakuna hata kimoja kilichofunguliwa. Vya nyuma vilikuwa na utando wa buibui.

Nilimuuliza Mama Blessing hii ni nini, kana kwamba sijui. Akasema yeye anapika kwa gesi tangu Shamimu alipofungua fremu. Makande hakuyapika hata siku moja. Kila hela aliyonipa ilitoka kwenye mkono wa Shamimu. "Alinikataza nisikwambie," akasema. "Alisema dada akijua hatapokea. Alisema yeye hakuja hapa kumfungia mtu mlango."

Basi ndiko mauzo yalikokuwa yakienda. Mbwana alimfokea kwa ajili ya hela hiyo na yeye hakumwambia. Godlisten alimnyang'anya wateja na yeye hakuacha kununua. Mimi nilikaa barazani nikimsifu Mama Blessing kwa msimamo, wakati mteja wangu pekee alikuwa ng'ambo, anaamkia haitikiwi. Nilitaka kukasirika, kuhurumiwa kunaniuma kuliko njaa. Nilitafuta hasira kama ile siku ya maji nilivyotafuta kejeli. Sikuipata.

Nilifungua kiroba kimoja. Mkaa mzuri, mkavu, mzito, hauna chenga. Nikauweka juu ya jiko lake la gesi. Mama Blessing ndiye aliyewasha, mimi sikujua pa kuzungusha. Ule moto wa bluu ukaulamba mkaa wangu hadi ukawa mwekundu. Nikalitia kaa kwenye chetezo, Bi Mwanahamisi akaweka ubani juu, moshi ukapanda.

Tumemwosha. Alikuwa na michubuko mikononi, ya magunia au ya mitungi. Kuna methali niliiandika humu mwezi uliopita kwa furaha, na leo maji yakipita mikononi mwangu niliikumbuka yote. Nilipomaliza kuizungushia sanda chetezo, niliinama sikioni mwake nikasema, "Marahaba." Nikasema tena. Bi Mwanahamisi alidhani nasoma dua, akasubiri nimalize. Nilikuwa na nyingi za kulipa, sikumaliza.

Jumanne, 6 Mei

Mtoto yuko kwangu. Hajui lolote. Analala, analia, ananyonya chupa.

Jumamosi, 10 Mei

Siku ya saba. Amenyolewa nywele. Mbwana ameniambia nichague jina, yeye hana nguvu. Nimesema Shamimu. Ndugu wa Msasani walilia, nami nikatoka nje kupokea chakula.

Wapishi walikuwa na gesi, majiko makubwa ya kukodi. Wali ulipokaribia kuiva niliwaambia wasubiri. Nimekwenda kuchukua viroba viwili, nikawasha mkaa, nikaupalia makaa juu ya masufuria kwa mikono yangu. Watu walikula wakausifu. Mbwana alishika tonge, akalirudisha sahanini.

Jumatatu, 19 Mei

Jua limetoka na limekaa. Nimeanika magodoro. Kichochoro kinakauka, kinapasuka.

Fremu imefunguliwa. Mbwana alitaka kuirudisha kwa mwenyewe, nikamkatalia. Naiuza mitungi mimi, hadi hapo mtoto atakapokuwa mkubwa wa kuamua. Mkaa nao upo mlangoni, gunia jipya limekuja juzi. Anayetaka hiki achukue, anayetaka kile achukue, anayetaka kwa Godlisten njia ni nyeupe. Mbwana hasemi tena kwamba soko linaamua. Ule mtungi wenye alama za mikono yangu siuuzi.

Leo asubuhi mtoto aliamka na njaa ya kupiga kelele. Maziwa yalitaka maji ya moto, na mkaa wa ndani ulikuwa na unyevu bado, nikapepea, ukatoa moshi, mtoto akakohoa. Nikauangalia mtungi ule, niliouingiza mwenyewe jikoni kwangu wiki iliyopita na ambao nilikuwa napita kando yake kama mgeni asiyekaribishwa. Mama Blessing alishanionyesha pa kuzungusha. Nikazungusha, nikawasha kiberiti, nikaruka nyuma. Moto ukakaa. Maji yalichemka kabla sijamaliza kumbadili nepi.

Ni kweli, haichelewi.

Nimemlisha nikiwa nimekaa mlangoni, tunaangalia fremu ya mama yake. Ana macho yale yale, yanayongoja. Akianza kusema nitamfundisha kuamkia, na kila atakaponiamkia nitaacha kazi yoyote niliyoshika nimwitikie, hata kama ni mara kumi kwa siku, hata kama kuna mteja.